Daktari wa mbwa wa pikipiki, Kimara: fundi friji namkagua fundi mwenzangu

Natengeneza friji mwaka wa 26 sasa, na kazi hii imenifundisha kumjua fundi kabla hajashika spana. Fundi wa kweli akiingia ndani anauliza, anapapasa, anatega sikio kwenye mashine. Yule mwingine anafika na mtungi wa gesi begani tayari. Friji haipozi? Jaza gesi. Mwezi ujao haipozi tena? Jaza tena. Tundu linalovujisha hajalitafuta wala hana haja nalo, maana hilo tundu ndilo linalomlisha.

Ninayemwandikia hapa ni daktari wa mifugo anayewafuata mbwa majumbani kwa pikipiki, kuanzia Kimara Mwisho mpaka Mbezi, hapa Dar es Salaam. Jina lake silitaji. Nina sifa zake na nina malalamiko yake, na malalamiko sitaki yamfuate mtaani. Nimekuwa naye mwaka na miezi miwili. Nampa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaeleza ilikopotelea.

Mbwa wangu ni Sajenti, dume la kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Kazi yake ni kulinda geti na karakana yangu ya uani, ambako kuna kompresa za watu. Ana adui mmoja duniani: pikipiki ya muuza maji. Masika ya mwaka jana muuza maji akapita na Sajenti hakuinua hata kichwa. Nikajua pana jambo. Siku hiyo hiyo aliacha mapupu kwenye sufuria, nzi wakayala wao. Siku ya pili alikunywa maji akarudi kulala. Siku ya tatu asubuhi binti yangu akaja mbio: "Baba, Sajenti anatoka damu puani."

Mtaa mzima ukawa na jibu moja: kawekewa sumu, wezi wanakuja. Nikaenda duka la dawa za mifugo. Kijana wa kaunta hakuniuliza mbwa ana umri gani, uzito gani, wala damu inatokea wapi. Akanifungia chupa ya sindano ya OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya mifugo), chupa ya vitamini na bomba, shilingi 22,000. "Mchome hii mzee, hata ng'ombe wanainuka." Mtungi wa gesi begani.

Ningemchoma, isingekuwa Tomi. Tomi alikuwa mbwa wangu kabla ya Sajenti. Alichechemea mguu, nami nikamhurumia nikampa diklofenaki, zile zile ninazomeza mimi mgongo ukinishika, asubuhi na jioni kwa siku mbili. Akaanza kutapika, kinyesi kikawa cheusi na kinanata kama lami. Siku ya nne nilimzika nyuma ya choo. Watoto niliwaambia amekula panya mwenye sumu. Wakisoma hapa ndiyo watajua. Daktari huyu ndiye aliyekuja kunieleza baadaye, bila kunisimanga, kwamba dawa zetu za maumivu humchubua mbwa tumbo na kumharibu figo, kwamba ibuprofeni ni hivyo hivyo, na hata Panadol tunayoiona ya watoto inaweza kumuua. Kwa hiyo chupa ya OTC niliiweka juu ya kabati, nikatafuta mtu mwenye macho.

Kwanza nilitaka kumpeleka Sajenti mwenyewe. Bajaji tatu zikanikatalia. Dereva wa tatu alikataa kwa adabu: "Mzee wangu, nguo hizi ndizo ninazoswalia, unisamehe." Nilimwelewa kabisa. Kwa hiyo msomaji ukiona nasifu huduma ya kuja nyumbani, ujue si uvivu. Kwa mtu asiye na gari, mbwa mgonjwa wa kilo ishirini na kitu hana usafiri katika jiji hili.

Daktari aliahidi saa tatu asubuhi, akafika saa sita kasorobo. Kijana, labda miaka 30, na sanduku la bluu la kupozea limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. "Shikamoo mzee." Marahaba. Nikasimama pembeni kumtazama anavyoanza, maana hapo ndipo ninapompimia fundi.

Hakufungua begi. Alivuta kigoda akakaa mbali kidogo na Sajenti, akaniuliza maswali kama polisi wa upelelezi. Ameacha kula lini? Anakunywa? Mkojo una rangi gani? Hapo nikakwama, mkojo wa mbwa nani anautazama. Akasema ukiwa mwekundu au kama chai ya rangi kuna ugonjwa mwingine wa kupe anaoufikiria, ule unaopasua chembe nyekundu za damu. Akauliza kama mbwa amewahi kusafiri kwenda porini, kwenye mbung'o, kisha akamwangalia macho kama yana ukungu wa samawati. Hayakuwa nao. Akauliza anakula nini, analala wapi, na mara ya mwisho ameogeshwa dawa ya kupe lini. Nikajibu kwa kujiamini kuwa namwogesha kila mwezi. Akatikisa kichwa tu.

Ndipo akamwinua mdomo.

Hicho ndicho kitu nilichonunua kwa huyu kijana chenye thamani kuliko sindano zake zote. Alilifunua lile shavu la juu, akanionyesha fizi. Fizi za mbwa mzima, kwenye sehemu isiyo na weusi wa asili, ni za waridi kama ulimi wa mtoto. Za Sajenti zilikuwa nyeupe kama ukuta uliopigwa chokaa. Akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akahesabu. Pale palipobonyezwa panatakiwa parudi rangi ndani ya sekunde mbili. Kisha akavuta ngozi ya bega juu na kuiachia. Ikirudi upesi mbwa ana maji mwilini, ikisimama kama hema amekauka. Akamlaza ubavu, akatenganisha manyoya ya tumbo, nikaona vidoa vyekundu vidogo vidogo kama vichwa vya pini. Damu imeshindwa kuganda, inavuja chini ya ngozi, akasema. Ndiyo hiyo hiyo ya puani. Mwishowe kipimajoto, nyuma, kimepakwa mafuta: 40.3. Mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39 na kidogo, kwa hiyo ukimgusa kwa mkono siku zote utamwona ana joto. Na pua kavu, ambayo mimi nilikuwa naiamini kama Injili, akasema si kipimo cha homa. Mbwa akitoka kulala juani pua inakauka.

Alitaka uzito. Nikaleta mizani ya kuning'iniza ninayopimia mitungi ya gesi, tukamfunga Sajenti kwenye kitenge chakavu cha mke wangu, tukamtundika kwenye boriti ya karakana kama mtoto anayepimwa kliniki. Kilo 21. Majirani walikuwa wamejaa ukutani wanacheka, na mgonjwa mwenyewe alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Tone la damu likaenda kwenye kidude cha plastiki kama kile cha kupima malaria. Mistari miwili. Hii ni homa ya kupe, akasema, kijidudu kinaitwa erilikia, kinakaa ndani ya chembe nyeupe za damu, na chembe za kugandisha damu zinapungua mpaka mbwa anatoka damu bila jeraha. Sumu hapa hakuna.

Gharama, kwa anayetaka kulinganisha: kuja nyumbani 20,000, kipimo 35,000. Dawa alinituma duka la dawa za watu, doksisaiklini, ile ile ya binadamu, kapsuli mbili kwa siku kwa uzito aliopima, siku 28, jumla kapsuli 56. Hazikufika 10,000. Angeweza kuniuzia yeye kwa bei ya kwake nisingejua. Alisisitiza zimezwe na chakula, kamwe si juu ya tumbo tupu, maana kapsuli ikikwama kooni inachubua. Tulizificha kwenye tonge la dona lenye dagaa. Nisisitize na mimi: usichukue hesabu yangu ukampa mbwa wako. Hesabu ni ya kilo 21 na ya ugonjwa uliopimwa, na vitoto vya mbwa ni habari nyingine.

Siku ya tatu Sajenti alikula. Siku ya sita alimbwekea muuza maji. Siku ya kumi mke wangu akasema amepona, dawa za nini tena. Nikamjibu kwamba friji ikipoa siku ya kwanza haimaanishi imepona. Tukamaliza 56. Wiki iliyofuata fizi zilikuwa za waridi, na tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada nafunua mdomo wa Sajenti. Ameshazoea, ananipa shavu mwenyewe.

Lakini kwenye kupe ndiko alikonishinda huyu kijana, na mimi si mtu wa kushindwa upesi. Nilipomwambia namwogesha mbwa kila mwezi, aliniomba chupa. Nikamletea: amitrazi, dawa ya josho la ng'ombe, chupa ndogo ya 6,000. Unapima na nini? Kwa kifuniko cha soda. Kwa maji kiasi gani? Ndoo. Ndoo ya lita ngapi? Nikanyamaza. Akasema dawa si mbaya, kupe inawaua, ila ikizidi mbwa analegea, anasinzia, mapigo ya moyo yanapungua, na vitoto hata wasisogezwe. Tena akinywa au akijilamba kabla hajakauka ni balaa. Halafu akauliza swali lililoniumiza: "Mzee, banda umeliogesha?"

Tukaingia bandani na tochi. Mimi nilidhani kupe wanatoka kwenye majani, kama wa ng'ombe. Akanieleza kwamba kupe wa mbwa, yule wa kahawia, anaishi nyumbani na watu. Akishashiba anamwachia mbwa, anadondoka, anapanda ukutani kutafuta ufa, na jike linataga mayai kwa maelfu humo humo. Vinavyototolewa vinakaa ufani, na wakubwa wanaweza kukaa miezi bila kula wakisubiri. Akapitisha ncha ya bisibisi yangu kwenye mshono wa matofali, na wakamwagika kama mchele. Juu kwenye mbao za paa ndiyo usiseme.

Mwaka mzima nilikuwa najaza gesi. Tundu lilikuwa ukutani.

Kazi ile niliifanya kwa siku mbili. Godoro bovu la Sajenti nilichoma. Mbao za paa niling'oa. Nyufa, kabla ya kuziziba kwa simenti, nilizipitishia moto wa tochi yangu ya kuchomelea mabomba ya shaba, mbwa akiwa kwa jirani. Kupe walikuwa wanalia pa, pa, pa. Daktari aliposikia alicheka mpaka akavua kofia ya pikipiki. Hakuwa amenifundisha hilo, na wewe mwenye banda la mbao usijaribu. Ukuta ukapuliziwa dawa, tukarudia baada ya wiki mbili kwa sababu ya waliokuwa mayai.

Kwa mbwa mwenyewe akanishauri kidonge cha kutafuna, Bravecto, kinachokaa wiki 12. Nilikinunua 90,000, na nilipotaja bei nyumbani hapakuwa na amani jioni hiyo. Gawa kwa siku 84: ni kama shilingi 1,070 kwa siku. Kinauzwa kwa uzito, cha kilo 20 hadi 40 si cha kilo 8, kwa hiyo mizani tena. Ujue kwamba dawa inapita kwenye damu, yaani kupe lazima aume ndipo afe. Wiki ya kwanza bado utawakuta wameng'ang'ania, ila wamekauka. Na mbwa mwenye kifafa asipewe bila kumwambia daktari, maana dawa za jamii hiyo zinaweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa. Mimi nimeshampa Sajenti mara nne bila shida. Kola ya kupe niliyowahi kununua kwa mmachinga kwenye foleni, 5,000, ilinukia manukato ya bei rahisi na kupe walikuwa wanatembea juu yake. Haina haki ya sentensi ya pili.

Sasa nyota ya tano.

Kwanza saa. Ameniahidi mara tisa, amefika kwa wakati mara moja, na siku hiyo alikuwa amekosea siku. Pili risiti. Mimi mwenyewe fundi wa mtaani natoa risiti ya mkono; yeye anaandika kiasi kwenye kiganja chake kwa kalamu. Tatu, usiku hapokei simu, na hili ni zito. Jirani yangu wa nyumba ya tatu alikuwa na vitoto vitano vya miezi miwili na nusu. Jioni moja kimoja kikatapika, usiku wakaanza kuhara damu yenye harufu ambayo ukishainusa mara moja utaijua maisha yako yote. Tulipiga simu kuanzia saa tatu usiku. Alifika asubuhi saa mbili, na kwa haki yake niseme alikaa mpaka jioni akiwatundikia dripu. Wawili walipona, watatu hawakuiona siku ya pili. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua vitoto vya mbwa. Chanjo yake ilitakiwa ianze kwenye wiki ya sita hadi ya nane na irudiwe kila wiki tatu au nne mpaka kama ya kumi na sita. Jirani alikuwa hajaanza, kwa hiyo kosa si la daktari peke yake. Lakini kitoto kinachohara damu saa tatu usiku hakiwezi kusubiri saa mbili asubuhi, na mtu anayeuza huduma ya majumbani akishindwa kupokea usiku awe basi na mwenzake wa kumtaja. Nilimwambia hivyo hivyo usoni. Akasema kweli mzee. Bado hapokei. Jirani naye aliambiwa uani pale pasiingizwe kitoto kingine kwa miezi mingi, kirusi kinakaa udongoni, na sakafu aisugue kwa dawa ya klorini, kipimo 1 kwa maji 30.

Kitu kimoja nilimkagua yeye, na nilifurahi. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, hiyo naijua kuliko yeye. Niliwahi kuitwa duka moja kurekebisha friji la chanjo za mifugo, nikatia kipimo ndani: 19. Mwenye duka alikuwa analizima usiku kubana umeme, na asubuhi anauza kama kawaida. Fikiria mtu anachanja mbwa wake kwa chanjo ambayo huenda imeshaharibika, na anakwenda nyumbani akiamini amemkinga na kichaa. Kwa hiyo daktari huyu alipofungua lile sanduku la bluu, nilimwambia subiri. Nikachomeka kipimajoto changu cha kazini. Kilisoma 11. Hakukasirika. Aliyekasirika ni mimi, kwa kuwa barafu ilikuwa imeyeyuka kwenye foleni ya barabara ya Morogoro na hakuwa na kipimo cha kumwambia. Siku ile hakuchanja, alirudi kesho yake na chanjo nyingine bila kunidai nauli. Mimi nikamkatia spuma (povu gumu la kuzuia joto), nikamwekea chupa nne za kugandisha na kipimajoto kidogo chenye waya unaotoka nje ya mfuniko. Tangu hapo kila akija ananionyesha namba kabla ya salamu. Juzi ilikuwa 5.

Hiyo chanjo ya kichaa imeshanisaidia. Sajenti alimparua mguu dereva wa bodaboda aliyeingia bila kugonga. Damu ilikuwa kidogo, kelele nyingi. Nilitoa kadi ya chanjo yenye muhuri na tarehe, mambo yakapoa. Hata hivyo daktari kwenye simu (ilikuwa mchana, alipokea) aliamuru kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, na kijana aende hospitali na kadi mkononi waamue wao. Nililipa mimi nauli.

Marudio ya chanjo hiyo ni Alhamisi wiki hii. Kasema atafika saa nne asubuhi. Nimemwambia mke wangu chai aiweke jikoni saa sita.